Rudia Ulichosikia

Tarehe 4 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Mimi mzima, mbavu tu ndizo zinaniuma kwa kucheka, na ukisoma utajua kwa nini.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba kiwanda cha mikate kimekubali kunijaribu? Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nimevaa suti yangu ya bluu, ile niliyoagwa nayo wodini, nimebeba karatasi zangu na kalamu za ubaoni za rangi nne. Saa nne kamili naingia ukumbini, nakuta wakuu wa idara wamevaa kaptura, soksi hadi magotini na viatu vya mpira. Mkuu wa usambazaji, wenyewe wanamwita Bwana Magari, ana filimbi shingoni na jezi imeshindwa kabisa kufunika kitambi. Akanitazama juu mpaka chini. "Mama, kocha yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Kocha wa timu?"

"Kocha wa viongozi."

Wakatazamana. Kumbe Mkurugenzi alimwagiza karani atangaze uani kwa kipaza sauti kwamba kocha anakuja, viongozi wote wajiandae. Nao wakajiandaa! Wana mechi na kiwanda cha sabuni, na mwaka jana walifungwa saba bila. Bibi Unga, mkuu wa idara ya kukanda, mama mtu mzima kama mimi, alikuwa keshajiandikisha golikipa na glavu kaazima.

Kati ya watano, ni mmoja tu aliyekuja na aproni yake, unga hadi kwenye nyusi. Huyo ni mkuu wa tanuri. Nikasema moyoni, angalau yuko mtu makini hapa, huyu ndiye atakayenibeba.

Sasa kaka, mtu mwingine angekusanya karatasi zake akaondoka. Mimi nimekuwa sista wa wodi miaka kumi na tisa, nimeshawahi kuwatuliza madaktari wawili wanaogombana juu ya mgonjwa aliyekuwa macho. Nikawaambia, "Mmependeza. Na mnafungwa kwa sababu ileile inayochelewesha mikate yenu, kila mtu anacheza peke yake. Kaeni tuzungumze." Wakakaa na soksi zao.

Masharti ya Mkurugenzi ni haya. Wiki sita. Siku ya mwisho, tarehe 15 Aprili, wakuu wake wanaachwa ukumbini peke yao kwa saa moja, yeye nje, mimi nje. Wakitoka na uamuzi mmoja waliokubaliana wote kuhusu mikate kuchelewa madukani, ananikabidhi matawi yake yote manane. Wakitoka wananuniana kama kawaida yao, "tutaagana vizuri, Sista." Unajua nimeshaacha hospitali, hakuna wodi inayonisubiri. Lakini nitaweza. Sijui nitaweza vipi, ila nitaweza.

Nilikupigia simu juzi nikueleze haya, wifi akasema uko nje. Jumapili iliyopita uko nje. Unaishi nje siku hizi? Basi dereva wa lori lenu la mbao amekubali kubeba barua zetu kila akipita hapa, Jumatatu na Alhamisi, huna pa kukimbilia.

Mdogo wako,
Kocha


Tarehe 8 Machi

Kocha wa suti ya bluu,

Nimecheka mpaka wifi yako akaja kuangalia kama nimepaliwa. Golikipa na glavu za kuazima! Naye kaisoma, sasa anataka kuja kutazama hiyo mechi.

Lakini niambie ukweli, na usinune. Kazi yenyewe ni ipi? Mimi nasimamia misumeno mwaka wa ishirini na mbili huu. Mtu akikosea namwambia umekosea. Asipokosea simwambii kitu. Huo ndio uongozi wangu wote. Wewe unaenda kuwafundisha nini watu wazima wenye vitambi vyao? Kuongea?

Simu achana nayo. Mtandao wa huku ni wa kubahatisha, sauti yako inanijia kama mtu anayekaanga kitu. Andika. Mwandiko wako ni mbaya lakini hauna kelele.

Na najua mdomo wa wifi yako hauna breki, kwa hiyo keshakuambia kuhusu cheo. Ndiyo, wamenipa umeneja wa kiwanda na nimeukataa. Sitaki maswali.

Kaka yako,
Wa Mbao


Tarehe 11 Machi

Kaka,

Umeuliza kazi yangu ni nini, nami nakujibu. Simfundishi mtu kuongea, kuongea wanaongea mno. Nawafundisha kusikia.

Hospitalini, zamu zikipokezana, anayeondoka anaeleza hali ya kila mgonjwa, na anayeingia lazima arudie alichosikia kabla hajavua koti. "Kitanda cha nne, dawa saa nane, asipewe maji." Asiporudia, mwenzake haondoki. Miaka yote hiyo nilikuwa naona wakubwa wa maofisi wamelala vitandani na presha zao, wananihadithia jinsi watu walio chini yao wasivyoelewa maagizo, nami najisemea, hawa wangekuwa na zamu ya kupokezana wasingefika hapa. Ndipo nilipoamua, kaka. Sikukurupuka.

Basi huo ndio mchezo wangu mkuu, nauita Rudia Ulichosikia. Hakuna kumjibu mwenzako mpaka umerudia alichosema naye akakubali kwamba umemsikia. Bwana Magari mara ya kwanza alirudia maneno ya Bibi Unga hivi: "Amesema yeye ni mvivu." Bibi Unga alinyanyuka na glavu! Leo lakini karudia vizuri, na Bibi Unga kacheka.

Anayenishinda ni yule wa tanuri, Mzee Tanuri. Nilikosea kumsifia. Nilimwambia arudie maneno ya mwenzake, akanikodolea macho, kisha akasema kitu cha kuni. Hakuna aliyetaja kuni. Wenzake wakaangua kicheko, akainuka akaondoka zake. Ndivyo anavyoniona mimi na mchezo wangu.

Sasa zamu yako. Cheo umekataa kwa nini? Ni kazi yenyewe usiyoitaka, au ni kitu kilichomo ndani ya kazi? Ungeondolewa hicho kitu, ungekubali? Unaogopa nini, kaka?

Mdogo wako


Tarehe 15 Machi

Sista,

Nilisema sitaki maswali. Umeniuliza manne.

Mimi si mgonjwa wako wala si mkuu wa idara wako. Nilikufundisha kuendesha baiskeli bila kukuuliza unaogopa nini, nilikusukuma tu, ukaendesha. Tusiharibiane heshima.

Wifi yako anasalimu.

Kaka yako


Tarehe 1 Aprili

Kaka yangu,

Wiki mbili umeninunia, sawa, nimekoma. Sikuulizi tena kuhusu cheo. Nakuandikia kwa sababu nina jambo limenikaa kooni, na hapa mjini sina wa kumwambia.

Kazi inaenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Bwana Magari siku hizi anamsikiliza mtu mpaka mwisho, ingawa jasho linamtoka. Mkuu wa stoo, aliyekuwa haongei, juzi kaongea dakika nne mfululizo. Mwanamke wa ufungashaji kaniambia amejaribu Rudia Ulichosikia nyumbani na mumewe kakimbilia kwa jirani. Nikiwaona wanavyobadilika, kaka, najua kabisa nimezaliwa kufanya hii kazi. Sijidai, najua tu.

Amebaki huyu Mzee Tanuri, naye anaweza kunizamisha. Nikimwuliza swali la wazi mbele ya wenzake, ananyamaza. Juzi nilikuwa ubaoni naandika, nikauliza, "Mzee, unaonaje, tatizo la kuchelewa ni nini hasa?" Kimya. Nikarudia kwa sauti zaidi. Akajibu, "Watatu." Watatu nini? Wenzake wakaanza kukohoa ili kuficha kicheko. Nikimkuta mbele yangu ananisalimia vizuri kama mjomba. Nikimsalimia kutoka nyuma kwenye ukumbi, ananipita kama mti. Bibi Unga anasema miaka miwili sasa ndivyo alivyo, kajaa kiburi tangu alipopewa tanuri jipya, na hakuna anayehangaika kumwuliza kitu. Kaziba masikio, hataki kusikia la mtu.

Leo Mkurugenzi kaniita. Kaniambia, "Sista, mkia wa ng'ombe mmoja usikuharibie zizi. Wakibaki wanne kwenye kikao, mimi nitahesabu umeshinda. Niletee jina la wa kutolewa, Ijumaa ya tarehe 10." Nilifurahi, sikufichi. Nikimtoa mzee huyu, matawi manane ni yangu. Naye akitolewa watamrudisha kukanda unga kama mfanyakazi wa kawaida na kumpa tanuri mtu mwingine, maana mkuu asiyekaa na wenzake si mkuu.

Nimeshaamua kulipeleka jina. Nilitaka tu uniambie nimefanya sawa.

Mdogo wako


Tarehe 5 Aprili

Mdogo wangu,

Usilipeleke hilo jina. Nakuomba. Dereva kaniahidi barua hii itakufikia kesho, nami nimemwandikia na yeye kikaratasi kwamba akichelewa atapakia mbao peke yake.

Huyo mzee hana kiburi. Hasikii.

Soma tena ulichoniandikia. Ukimkabili anajibu, ukiwa nyuma yake anapita. Ukigeukia ubaoni ananyamaza, ukimlazimisha anabahatisha. Umemwuliza "nini hasa", yeye kasikia "wangapi", akasema watatu. Siku ya kwanza alikuja na aproni, ukadhani ni umakini. Kwa sababu gani yeye tu hakuvaa kaptura? Lile tangazo la kipaza sauti hakulisikia.

Utaniuliza nimejuaje, maana wewe huachi. Nimejua kwa sababu mimi ni yeye.

Sikio la kulia limekufa mwaka wa sita sasa. La kushoto limebaki nusu, na hiyo nusu inachukua sauti za wanaume kuliko za wanawake. Misumeno ndiyo iliyokula. Simu zako wifi yako alikuwa anasema niko nje, na mimi nimekaa kwenye kiti, namwonyesha kwa mkono, sema niko nje. Mtandao wa huku hauna kasoro yoyote. Umeneja ni simu na vikao kutwa nzima, ndiyo sababu. Huo ndio woga wangu, uliuliza, nimejibu.

Kazini wananiita Bwana Ndiyo-Ndiyo. Wanadhani sijui. Midomo naisoma. Mtu akiniambia kitu nisichokipata natikisa kichwa na kusema ndiyo, ndiyo, vizuri, nikatembea haraka. Mwaka jana kijana wangu mmoja wa kupiga randa, fundi hodari, alinifuata tukiwa tunatembea kuelekea getini. Alikuwa upande wa kulia. Akasema maneno, nami nikamgonga begani nikamwambia, "Vizuri sana, hongera."

Alikuwa ananiambia mama yake amefariki.

Nilikuja kulijua wiki tatu baadaye. Mpaka leo hanisalimii, na mimi sijamwambia kitu. Ningeenda kumwambia nini? Bora anione mkatili kuliko wanione sifai, ndivyo nilivyojiambia. Nimeyabeba mwaka mzima na hata wifi yako sijamwambia.

Sasa wewe unayefundisha watu kusikia, usimtangaze mzee wa watu mbele ya wenzake. Ukimwuliza kwa mdomo atakuambia anasikia vizuri, hata mimi ningekuambia hivyo. Mwandikie.

Kaka yako


Tarehe 8 Aprili

Kaka yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nikiwa nimekaa chini. Nimelia. Halafu nikajikasirikia hasa. Mimi, sista mzima, miaka kumi na tisa kati ya wagonjwa! Nimemfanyisha mtu asiyesikia mchezo wa Rudia Ulichosikia mbele ya watu, wakamcheka, nami nikamwandikia kiburi. Na kaka yangu mwenyewe miaka sita yuko "nje", sijawahi kujiuliza nje wapi.

Nikafanya ulivyosema. Jana wakati wa chai nilimwekea karatasi chini ya kikombe, nimeandika: *Mzee wangu, nikiongea ukumbini unanisikia kiasi gani?* Akaisoma. Akatazama mlangoni. Akatoa penseli mfukoni mwa aproni, na hiyo karatasi ninayo mpaka sasa, nakunakilia.

*Ukinitazama, nusu. Ukigeukia ubaoni, sifuri. Nani kakuambia?*

*Hakuna. Kaka yangu naye yuko hivyo.*

*Anafanya kazi wapi?*

*Misumeno ya mbao.*

*Mwambie mimi ni feni za tanuri. Hili jipya lina feni tatu. Miaka miwili zimenimaliza.*

Nisamehe, nimekutaja. Lakini ulivyotajwa ndivyo alivyofunguka. Tuliandikiana mpaka karatasi ikajaa pande zote mbili. Nikamwuliza angetaka nini, sikumwambia nini cha kufanya, maana hiyo ndiyo kazi yangu na sasa naifanya vizuri. Akaandika kwamba atawaambia wenzake mwenyewe, siku akiwa tayari. Anachotaka kwangu ni viti na mwanga.

Leo asubuhi nimevitoa viti kwenye mistari, nimevipanga duara karibu na dirisha. Ubao nimeutupa kona. Na nikamwomba Bwana Magari filimbi yake, nikawaambia kuanzia leo anayeongea ni yule aliyeshika filimbi tu, wengine wote mtazameni usoni. Hawajui ni kwa ajili ya nani. Wamedhani ni mbinu mpya ya kocha, na kusema kweli ni mbinu nzuri, hakuna aliyemkatiza mwenzake hata mara moja.

Ijumaa naenda kwa Mkurugenzi bila jina. Nitamwambia ni wote watano au mimi si kocha wake. Nina hofu? Ninayo. Lakini nimekaza.

Na wewe, kaka. Swali moja tu, na ukitaka uchane barua. Huyo fundi wa randa, unadhani anasubiri kusikia nini kutoka kwako?

Mdogo wako


Tarehe 15 Aprili

Kaka!

Nimerudi sasa hivi, hata suti sijavua.

Mkurugenzi alikuwa kaninunia tangu Ijumaa. "Umekataa njia niliyokufungulia, Sista, basi utaona." Leo saa nne wakaingia ukumbini watano, mlango ukafungwa. Mimi na yeye tukakaa uani kwenye benchi. Saa nzima! Mtu wa kusikiliza kama mimi, nakaa nje ya mlango na sisikii kitu. Mara kelele za Bwana Magari. Mara kimya kirefu, kirefu, mpaka Mkurugenzi akasema, "Wamelala hao." Nikajikaza nikamwambia, "Wanamsikiliza mtu." Sikuwa na hakika hata kidogo.

Mlango ulipofunguka alitangulia Mzee Tanuri, filimbi mkononi. Nyuma yake Bibi Unga anafuta macho kwa kanga ya kazini. Mzee akasimama mbele ya Mkurugenzi akasema kwa sauti kubwa, maana hajui ilivyo kubwa: "Bosi, mimi sisikii vizuri. Wenzangu nimewaambia leo. Ukitaka kunijibu, nitazame."

Mkurugenzi akageuka akamtazama usoni.

Na uamuzi? Mzee anaujua tangu tanuri jipya lilipowekwa! Unga uliokandwa unamfikia wote kwa mkupuo mmoja, tanuri linachukua nusu, nusu nyingine inasubiri, na magari yanasubiri nusu hiyo. Uletwe mara mbili, wa kwanza mapema, na magari yaondoke mara mbili. Basi! Alishawahi kuwaambia. Lakini siku hiyo walikuwa wanazungumza habari za kuni za tanuri la zamani, akaingiza lake katikati, wakacheka, akanyamaza miaka miwili. Bibi Unga ndiye aliyesema wapige kura, na wote wamenyoosha mikono. Amenishika mkono akaniambia, "Nilidhani ananidharau. Kila asubuhi nilikuwa namsalimia kutoka nyuma."

Matawi manane, kaka! Naanza mwezi ujao. Na Mkurugenzi ameagiza viti vipangwe duara kila tawi, anadhani ni elimu ya juu kabisa. Sijamkatalia.

Mechi na kiwanda cha sabuni ilichezwa juzi. Wamefungwa mbili tu. Bwana Magari anasema ni kwa sababu ya kocha.

Hii kazi umenipa wewe. Andika.

Mdogo wako


Tarehe 10 Mei

Mdogo wangu,

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa hospitali ya mkoa mara tatu. Daktari wa masikio ni binti mdogo, kaniuliza nimekaa na hali hii muda gani. Nikamwambia miaka sita. Akauliza kwa nini sikuja. Nikamwambia nilikuwa nje.

Wamenifungia kidude sikio la kushoto. Siku ya kwanza nilitaka kukitupa. Sufuria zinagongana, jogoo anapiga kelele, wifi yako anaongea kuliko nilivyokumbuka. Siku ya pili nikamwomba aendelee kuongea.

Umeneja nimekubali. Nimewaambia wakubwa kwamba vikao vyangu vitakuwa duara, karibu na dirisha, na anayeongea atashika futi ya fundi, maana filimbi hatuna. Wamekubali. Nami sijawaambia nimejifunzia wapi, wasije wakataka kocha na wewe una matawi manane.

Sasa swali lako. Jumatano nilimfuata fundi wa randa saa ya mapumziko, mashine zimezimwa. Akaona nakuja, akaanza kukusanya vitu vyake. Nikamwambia, kaa kidogo. Nikamwonyesha kidude. Nikamwambia, mwaka jana uliniambia kitu pale getini ukiwa upande huu, na mimi upande huu sisikii kabisa, nikakujibu vibaya. Nakuomba uniambie tena, unitazame.

Akanitazama. Nilidhani ataondoka. Akasema, "Mama yangu amefariki."

Nikarudia. "Mama yako amefariki."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia pole sana, mwanangu. Tukakaa hapo hapo juu ya mbao mpaka king'ora kikalia, nami nilikisikia.

Barua hii usiijibu. Ikikufikia, nipigie. Niko ndani.

Kaka yako